Viza ya Mwenzi wa Ndoa: Nyaraka Zinazoanzia Shighatini

Viza ya uhamiaji ya mwenzi wa ndoa hutolewa kwa mtu anayekwenda kuishi moja kwa moja na mume au mke wake ughaibuni. Kila nchi ina masharti yake, lakini ya Marekani ndiyo yanayoonyesha vizuri zaidi uzito wa makaratasi, kwa hiyo ndiyo yatakayofuatwa hapa. Mwenzi aliye Marekani, raia au mkaazi wa kudumu, huanza kwa kuwasilisha fomu I-130 kwa idara ya uhamiaji ya huko. Ombi likikubaliwa, faili huhamia Kituo cha Taifa cha Viza, na hapo mwenzi aliye Tanzania hulipiwa ada ya dola 325, hujaza fomu DS-260 na kupandisha mtandaoni nakala za nyaraka zake. Mdhamini naye hulipa dola 120 kwa ajili ya hati ya udhamini, I-864, inayoonyesha kuwa kipato chake hakipungui asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani. Mwisho ni usaili ubalozini, ambako nakala halisi huletwa mezani.

Upande wa Marekani, kazi ni ya fomu, ada na kusubiri. Upande wa Tanzania ni wa kutembea. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati ya talaka au cheti cha kifo cha mwenzi wa zamani, cheti cha tabia njema cha polisi na pasipoti hutoka katika ofisi tofauti, na takriban kila ofisi hutaka kwanza karatasi ya ofisi nyingine. Zaidi ya hapo, afisa wa viza hasomi cheti kimoja kimoja na kukipa alama. Huvipanga pamoja na kutazama kama vinamzungumzia mtu mmoja: jina lile lile, tarehe ile ile, mahali pale pale. Faili lenye vyeti vyote halisi linaweza kukwama kwa sababu vyeti hivyo havipatani. Mahali pa kutafuta chanzo cha kutopatana huko ni kijijini, kwenye karatasi ya kwanza kabisa iliyoandikwa kuhusu mtu huyo.

Shighatini, kata ya wilaya ya Mwanga katika milima ya Upare ya Kaskazini, ni mfano mzuri kwa sababu historia yake ya kumbukumbu ni ndefu kuliko ya sehemu nyingi za Tanzania Bara. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifungua kituo hapo mwaka 1900, nao waliandika vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi. Huko Upare ya Kusini Waadventista Wasabato walifika mwaka 1903. Serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya kusajili vizazi na vifo mwaka 1920, lakini kwa miongo mingi Mwafrika hakulazimika kusajiliwa. Ulazima uliongezwa wilaya kwa wilaya baada ya Uhuru. Kwa hiyo Mpare wa umri wa kati anaweza kuwa na cheti cha ubatizo kilichoandikwa wiki chache baada ya kuzaliwa, na cheti cha kuzaliwa kilichotolewa akiwa na miaka 35. Mwislamu wa milima hiyo, na Waislamu ni wengi huko, hana kitabu cha ubatizo cha kumtetea. Hutegemea kadi ya kliniki ya mama yake, kama haikuliwa na panya, pamoja na rejista ya shule. Tofauti hii haionekani katika maelekezo yoyote ya ubalozi, lakini ndiyo huamua nani atapata ushahidi kwa siku moja na nani atazunguka kwa miezi.

Cheti cha kuzaliwa kinachokubalika kwa viza ni kile cha RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulioanza kazi mwaka 2006. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Baada ya hapo usajili huhesabiwa kuwa umechelewa na huhitaji ushahidi. Kwa mtu mzima aliyezaliwa Shighatini, mlolongo huanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji au kata, ambao humwandikia barua ya utambulisho. Barua hiyo huunganishwa na ushahidi wa umri na uzawa: cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, cheti cha kumaliza elimu ya msingi, kitambulisho cha taifa cha NIDA. Maombi hupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya huko Mwanga mjini, ambako Katibu Tawala ndiye msajili wa wilaya, au hutumwa kwa mfumo wa eRITA. Aliyezaliwa Unguja au Pemba hapaswi kupoteza nauli kwenda RITA. Zanzibar ina wakala wake wa usajili wa matukio ya kijamii.

Cheti kinachopatikana hivyo ni halali, lakini kina tarehe mbili: ya kuzaliwa, tuseme 1976, na ya kusajiliwa, tuseme 2019. Afisa wa viza huziona zote mbili kwa kutupa jicho mara moja. Usajili wa kuchelewa haumaanishi udanganyifu, ila humfanya aulize mwombaji alikuwa na nini kabla ya 2019. Hapo ndipo karatasi kuukuu inapoipita mpya kwa thamani. Cheti cha ubatizo cha Usharika, kikiwa na jina la baba, jina la mama na majina ya wasimamizi wa ubatizo, kinapaswa kuambatanishwa hata kama hakikuombwa. Kanuni za Marekani zinaruhusu ushahidi mbadala pale kumbukumbu ya msingi isipopatikana kabisa: kwanza barua ya mamlaka husika kwamba kumbukumbu haipo, kisha hati za dini au shule, na zikikosekana hizo, viapo vya watu wasiopungua wawili wanaolijua tukio wenyewe na wasio na sehemu katika ombi. Lakini kwa Tanzania njia hiyo ya mbadala si ya kukimbilia. Kwa kuwa usajili wa kuchelewa upo na unafanya kazi, mwombaji anayeleta viapo bila cheti huulizwa tu kwa nini hakwenda kusajiliwa.

Mahali pa kuzaliwa huzua tatizo lake. Hadi 1979 milima yote ya Upare ilikuwa wilaya moja ya Pare, makao yake Same. Mwaka huo wilaya ya Mwanga ikamegwa upande wa kaskazini. Mtu aliyezaliwa Shighatini mwaka 1976 anaweza kuandikwa «Pare» kwenye hati ya zamani, «Same» kwenye cheti cha shule, «Mwanga» kwenye cheti cha RITA na «Kilimanjaro» kwenye pasipoti. Zote nne ni kweli. Tahajia ya kijiji chenyewe nayo imetembea, kutoka Schigatini ya Wajerumani hadi Shigatini na Shighatini. Mpare halioni hilo kuwa tatizo. Afisa ambaye hajawahi kupanda mlima kutoka Mwanga kwenda Kikweni anaona sehemu nne tofauti. Maelezo ya aya moja kwenye barua ya kusindikiza faili, yakitaja mgawanyo wa wilaya wa 1979, hutosha. Kosa ni kukimbilia kubadilisha hati ya zamani ili ifanane na mpya, maana hati ya zamani ikishachakachuliwa hupoteza kile kilichoifanya iwe na thamani.

Majina ni magumu zaidi. Cheti cha ubatizo kinaweza kubeba jina la Kikristo na la baba tu. Shuleni mwalimu akaongeza la babu. NIDA ikadai matatu. Pasipoti ikaweka jina la ukoo, Msangi au Mfinanga au Mbwambo, mahali pa jina la mwisho. Mwanamke aliyeolewa huenda ameanza kutumia jina la mume kwenye benki lakini si kwenye kitambulisho cha NIDA. Lipo pia jambo linalojulikana na kila Mtanzania aliyesoma miaka ya 1970 hadi 1990, ingawa haliandikwi sana: mwanafunzi aliyeshindwa mtihani wa darasa la saba alirudia darasa katika shule nyingine kwa jina la mtoto aliyeacha shule, kwa kuwa kurudia hakukuruhusiwa. Alifaulu, akaendelea, na vyeti vyake vyote vya elimu vikabaki na jina ambalo mama yake hakumpa. Umri nao ulikadiriwa: mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, na aliyefika akaandikishwa.

Tofauti ndogo ya tahajia hurekebishwa kwa kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo, kinachotaja majina yote mawili na hati yanamoonekana. Mabadiliko kamili ya jina huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, yaani «deed poll». Tarehe ya kuzaliwa ni ngumu zaidi kwa sababu namba ya NIDA yenye tarakimu 20 huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kosa lililoingia hapo limechapwa ndani ya namba yenyewe na hurudi kwenye kila hati inayotolewa kwa namba hiyo, pasipoti ikiwemo. Busara ni kusahihisha NIDA kabla ya kuomba pasipoti, na pasipoti kabla ya kujaza DS-260. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa pasipoti ndiyo huonekana kuwa mlango wa safari, kisha hulazimika kuilipia mara ya pili.

Cheti cha ndoa ndiyo roho ya ombi, na ndiyo hati ya Tanzania inayohitajika mapema, wakati wa fomu I-130, pamoja na uthibitisho kwamba ndoa zote za awali za pande zote mbili zilikwisha. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kiserikali na ya kimila. Notisi ya siku 21 hutolewa, na kanisani hujulikana kwa matangazo ya Jumapili tatu. Anayefungisha ndoa ya dini anapaswa kuwa na leseni ya kufungisha ndoa, na kumbukumbu zake hupaswa kufika kwa Msajili Mkuu. Zisipofika, wanandoa hubaki na cheti cha kanisa au cha BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ambacho RITA haikioni kwenye daftari lake. Ni vyema jambo hilo ligunduliwe kabla ya kuwasilisha ombi, kwa kuomba uhakiki au nakala iliyothibitishwa, kuliko kugunduliwa na ubalozi. Ndoa ya kimila, iliyofungwa kwa mahari na pombe na baraka za wazee, ni ndoa halali ikifuata taratibu, lakini sheria inawataka wanandoa waiandikishe ndani ya siku 30, na ni wachache wanaofanya hivyo.

Wapo wanaoishi pamoja miaka mingi bila ndoa yoyote, wakitegemea kifungu cha 160 cha sheria hiyo kinachosema kuwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi na kujulikana kama mume na mke huchukuliwa kuwa wameoana. Kifungu hicho kiliwekwa zaidi kwa ajili ya haki za mali na matunzo. Hakitoi cheti, na bila cheti hakuna la kupandisha kwenye mtandao wa viza. Njia nyepesi kwao ni kufunga ndoa ya serikali kwa Mkuu wa Wilaya na kuhesabu ndoa tangu tarehe hiyo, wala si kutafuta mtu wa kuirudisha tarehe nyuma.

Ndoa ya Kiislamu ya uwakilishi ina mtego wake. Bwana harusi yuko Minnesota, wakili wake anakaa na walii Shighatini, nikahi inasomwa, na kisheria Tanzania mambo yamekwisha. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haiitambui ndoa ambayo wawili hawakuwa pamoja mbele ya mfungishaji, isipokuwa kama walikutana kimwili baada yake. Kwa hiyo tiketi na mihuri ya pasipoti inayoonyesha kuwa mume alikuja Tanzania baada ya nikahi huwa nyaraka za lazima. Ndoa ya mitala nayo ni ukuta: mke wa pili wa mume mwenye mke hai hapati viza hii hata kama ndoa yake ni halali kabisa nyumbani.

Kuhusu talaka, Watanzania wengi hujikwaa mahali pamoja. Talaka iliyoandikwa na mume, au iliyotolewa na kadhi au ofisi ya dini, haivunji ndoa kwa macho ya sheria ya Tanzania Bara. Shauri hupitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa chini ya kifungu cha 101, kisha mahakama hutoa amri ya kuvunja ndoa, na talaka ya Kiislamu huzingatiwa na mahakama hiyo katika kutoa amri. Utani wa Tanzania humsema Mpare kwamba yuko tayari kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Katika jambo hili utani huo ungemfaa, kwa sababu aliyekwenda mahakamani hadi mwisho ndiye mwenye karatasi. La kutazamwa sana ni mfuatano wa tarehe. Ndoa ya pili ikifungwa Juni na amri ya mahakama ikatoka Agosti, ndoa hiyo haina miguu, na hakuna kiapo kitakachoisimamisha. Inabidi ifungwe upya baada ya amri, na ombi lianze upya.

Cheti cha tabia njema cha polisi huhitajika kwa kila mwombaji wa miaka 16 na zaidi. Hutolewa na Jeshi la Polisi baada ya alama za vidole kulinganishwa na kumbukumbu za jinai, na ada hulipwa kwa kontroli namba, si mkononi mwa mtu. Hutakiwa kutoka nchi ya uraia na nchi ya makazi ya sasa kama mwombaji ameishi huko miezi 6 au zaidi, na kutoka nchi nyingine yoyote alikoishi miezi 12 au zaidi. Mtu wa Upare aliyefanya biashara Taveta au Mombasa kwa miaka 2 atahitaji cheti cha maadili mema cha Kenya, kinachoombwa kwa eCitizen na kutolewa na idara ya upelelezi, DCI. Aliyefanya kazi za ndani Oman atahitaji cha polisi wa huko, na huyu ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote, kwa sababu mara nyingi aliondoka mikononi mwa mwajiri bila karatasi. Aanze mapema. Aliyewahi kuhudumu JWTZ hupeleka pia kumbukumbu za utumishi wake, na aliyewahi kuhukumiwa hupeleka kumbukumbu za mahakama hata kama kifungo kimekwisha zamani.

Lugha huhitaji maelezo mafupi. Idara ya uhamiaji ya Marekani inataka kila hati isiyo ya Kiingereza iambatane na tafsiri kamili, yenye tamko la mfasiri kwamba anaziweza lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi. Katika hatua ya viza, hati za lugha rasmi ya nchi ya usaili huweza kupokelewa bila tafsiri, lakini anayetafsiri zote tangu mwanzo hupunguza maswali. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, hutoa huduma ya tafsiri na uthibitisho wake. Mihuri na maandishi ya mkono pembeni hutafsiriwa pia. Muhuri wa mtendaji unaoachwa bila tafsiri ndio huo huo ambao afisa atataka kujua unasema nini.

Nje ya vyeti kuna ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli, na hapa desturi za Upare zina utajiri usiotumika. Barua ya posa iliyoandikwa na upande wa kijana na jibu la upande wa binti, daftari la mahari lenye majina ya wazee waliokuwepo, kadi za mchango, picha za sendofu na za harusi zenye mashangazi na wajomba, mazungumzo ya kundi la kamati: vyote vina tarehe na vyote viliandikwa na watu wasioiwazia viza. Ndiyo maana vina nguvu kuliko barua kumi za marafiki zilizoandikwa wiki moja kabla ya kutuma ombi. Miamala ya fedha kwa simu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na tiketi za safari huongezewa hapo.

Nje ya ofisi nyingi za serikali huranda vishoka wanaoahidi cheti kwa siku mbili. Hatari yake ni kubwa kuliko fedha inayopotea. Anayewasilisha hati ya kughushi, au kusema uongo juu ya jambo la msingi, hufungiwa kuingia Marekani maisha yake yote, na msamaha wake ni mgumu kupatikana. Tarehe iliyokosewa ikielezwa kwa ukweli huchelewesha faili kwa wiki kadhaa. Cheti cha kishoka hulifunga.

Nchi nyingine hutumia vyeti hivi hivi na kuongeza vyake. Uingereza huongeza kipimo cha kifua kikuu, mtihani wa Kiingereza na kipato cha mdhamini cha pauni 29,000 kwa mwaka tangu Aprili 2024. Ujerumani hudai Kijerumani cha ngazi A1. Nchi inayotaka hati zithibitishwe kidiplomasia huongeza safari ya Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wake.

Mwishoni mwa 2025 Marekani ilitangaza kuiweka Tanzania miongoni mwa nchi ambazo raia wake wamesitishiwa kuingia kama wahamiaji kuanzia tarehe 1 Januari 2026, bila kuwaondolea zuio hilo wenzi wa raia wa Marekani. Hatua ya aina hiyo hubadilisha hesabu ya wakati wa maandalizi, si orodha ya nyaraka. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na amri ya talaka havichakai. Usajili wa kuchelewa, marekebisho ya NIDA na shauri la talaka vinaweza kuendelea viza zikiwa zimesimama, na ndivyo vinavyokula miezi. Cheti cha polisi huhesabiwa kuwa kimepitwa baada ya miaka 2, isipokuwa cha nchi ambayo mwombaji hajarudi tena. Uchunguzi wa afya kwa daktari aliyeteuliwa na ubalozi kwa kawaida hudumu miezi 6 tu, na viza yenyewe haizidi muda huo, hivyo uchunguzi huo huachwa hadi tarehe ya usaili ijulikane. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2 siku ya kuingia Marekani, ukaazi hutolewa kwa masharti, na katika siku 90 za mwisho kabla ya miaka hiyo 2 ya ukaazi kutimia wanandoa huwasilisha fomu I-751 na ushahidi mpya wa maisha yao ya pamoja.